Milimita 138 za wiki ya tisa: kisa cha saratani ya pafu katika tiba ya kinga

Mgonjwa amekwisha pata dozi tatu za pembrolizumab, dawa inayoifungua kinga ya mwili ishambulie saratani. Kikohozi kimepungua, uzito umepanda kutoka kilo 64 hadi 66, na ngazi zilizokuwa zikimshinda mwezi uliopita sasa anazipanda. CT skani ya wiki ya tisa inarudi na ripoti fupi: ugonjwa umeendelea. Jumla ya vipimo imetoka milimita 114 na kufika 138, na kuna punje mpya katika pafu la kushoto. Swali lililo mezani ni moja: dozi ya nne itolewe, au iandaliwe dripu ya kemotherapi?

Mgonjwa huyu ni wa mfano, na vipimo vyake vimepangwa ili hesabu iweze kufuatwa hatua kwa hatua. Kanuni, dozi na tafiti zinazotajwa ni za kweli, na hali yenyewe ni ile inayowakuta madaktari wanaotumia dawa hizi.

Vipimo vya mwanzo

Ni mwanamume wa miaka 61, aliyevuta pakiti moja ya sigara kwa siku kwa miaka 40. Uvimbe uko sehemu ya juu ya pafu la kulia, na biopsi, yaani kipande kilichotolewa na kupimwa, imeonyesha adenokasinoma, aina mojawapo ya saratani ya pafu. Saratani imeshafika kwenye ini na kwenye tezi ya adrenali ya kushoto, iliyo juu ya figo, kwa hiyo ni hatua ya nne. Hakuna mabadiliko ya jeni za EGFR, ALK wala ROS1, na asilimia 80 ya seli za uvimbe zina juu yake PD-L1, protini inayozizuia seli za kinga zisishambulie.

Majibu hayo ndiyo yaliyochagua dawa. Utafiti wa KEYNOTE-024, uliochapishwa mwaka 2016, ulichukua wagonjwa 305 wenye PD-L1 ya asilimia 50 au zaidi na wasio na mabadiliko ya EGFR wala ALK. Nusu walipewa pembrolizumab miligramu 200 kila wiki 3, hadi dozi 35; nusu nyingine walipewa kemotherapi yenye platini. Baada ya miaka 5, asilimia 31.9 ya waliopangiwa pembrolizumab walikuwa hai, dhidi ya asilimia 16.3 upande wa pili, ingawa wengi wa upande huo walihamia tiba ya kinga baadaye. Katika utafiti huo picha zilipigwa kila wiki 9, na ratiba ya mgonjwa wetu imefuata hapo.

Picha ya mwanzo ilipigwa wiki moja kabla ya dozi ya kwanza. Kanuni za RECIST 1.1, za kupima uvimbe kwenye picha, zilizotolewa mwaka 2009, zinaruhusu kuchagua madonge 5 tu ya kufuatilia kwa kipimo, na yasizidi 2 kwa kila kiungo. Donge la kawaida hupimwa kwa kipenyo chake kirefu, na ni lazima lifike milimita 10. Tezi ya limfu hupimwa kwa kipenyo kifupi, na ni lazima ifike milimita 15, kwa sababu tezi yenye afya nayo huwa ndefu kama haragwe, na urefu wake hauna habari kubwa. Hapa yalichaguliwa manne: uvimbe wa pafu milimita 48, tezi ya limfu kando ya bomba kuu la hewa milimita 22, adrenali milimita 26, na donge la ini milimita 18. Jumla ni 114.

Adrenali ilihitaji uangalifu kabla ya kuingizwa. Baadhi ya watu wenye umri huu wana uvimbe usio na madhara katika tezi hiyo, na ukiuchagua kimakosa utabaki vilevile miaka yote na kuharibu hesabu. Ndiyo maana ilipimwa kwenye picha isiyo na kontrasti, ile dawa ya sindano inayong'arisha picha. Uvimbe wa mafuta usio na madhara kwa kawaida huwa chini ya vizio 10 vya Hounsfield, kipimo cha uzito wa tishu kwenye CT. Huu ulikuwa na 34, na kwenye PET-CT, picha inayoonyesha seli zinazokula sukari nyingi, uliwaka.

Kabla ya kuuliza maana ya kukua, uliza kama umekua

Ripoti ya kwanza ya wiki ya tisa iliandika pafu 61, tezi 25, adrenali 30, ini 22. Jumla 138. Ongezeko ni milimita 24, yaani asilimia 21. RECIST 1.1 inasema ugonjwa umeendelea pale jumla inapopanda kwa asilimia 20 au zaidi kutoka kiwango kidogo kuliko vyote kilichowahi kufikiwa, na ongezeko hilo liwe angalau milimita 5. Kwa mgonjwa huyu mpaka uko kwenye milimita 137. Amevuka kwa milimita moja.

Msomaji mzoefu akiona hivyo hufungua picha zote mbili upande kwa upande kabla ya kusema neno. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti ambao wagonjwa 32 wenye saratani ya pafu walipigwa CT mara mbili ndani ya dakika 15. Katika muda huo hakuna uvimbe unaoweza kukua, lakini vipimo vya kipenyo bado vilitofautiana, vingi vikiwa ndani ya takriban asilimia 7 juu au chini. Hiyo ndiyo tofauti inayotokana na pumzi, mkao wa mwili na mkono wa anayepima. Milimita moja kati ya 138 imo ndani kabisa ya tofauti hiyo.

Ulinganisho ulitoa makosa mawili. La kwanza lilikuwa dirisha la kutazamia, yaani mpangilio wa weusi na weupe wa picha kwenye skrini. Uvimbe wa mwanzo ulipimwa kwenye dirisha la tishu laini, upana 400 na kitovu 40. Wa wiki ya tisa ulipimwa kwenye dirisha la mapafu, upana 1500 na kitovu -600. Dirisha la mapafu huonyesha kila kilicho kizito kuliko hewa, kwa hiyo lilijumlisha ukingo wa pafu lililosinyaa nyuma ya uvimbe, pale njia ndogo ya hewa ilipobanwa. Uvimbe hunywa kontrasti kwa namna yake, na pafu lililosinyaa hung'aa zaidi na kwa usawa. Ukiwa kwenye dirisha la tishu laini mpaka unaonekana. Kipimo kilichorudiwa kikawa 57.

Kosa la pili lilikuwa unene wa mikato. Picha ya mwanzo ilitengenezwa kwa mikato ya milimita 1.25, ya wiki ya tisa kwa milimita 5. Bahati nzuri data ghafi zilikuwa bado zimo kwenye mashine, zikatengenezwa upya. Mashine nyingi hufuta data hizo baada ya siku chache ili kupata nafasi, na zikishafutwa hakuna wa kuzirudisha. Agizo la mikato myembamba linatakiwa kuandikwa kwenye fomu ya kuombea picha, tena kila mara, pamoja na muda wa kontrasti: ini lipigwe takriban sekunde 70 baada ya sindano. Likipigwa mapema, donge lilelile hubadilika sura na ukubwa, na unajikuta unalinganisha vitu viwili visivyolingana.

Baada ya masahihisho jumla ni 134. Ongezeko ni milimita 20, asilimia 17.5. Kwa madonge yaliyopimwa peke yake, ugonjwa umetulia.

Mambo yangeishia hapo kama isingekuwa punje. Tena asilimia 17.5 si jambo la kupuuzwa: kipenyo kikitoka 48 hadi 57, uvimbe wa duara huongezeka ujazo kwa karibu theluthi mbili. Kuna kitu kimeujaza.

Punje ya milimita 11

Iko sehemu ya chini ya pafu la kushoto, imara, ukingo wake umezungukwa na weupe hafifu kama ukungu. Picha ya mwanzo ilikaguliwa tena mahali hapohapo kwa mikato myembamba. Hapakuwa na kitu. Kwa RECIST 1.1 donge jipya lisilo na shaka linatosha kutangaza kwamba ugonjwa umeendelea, hata kama mengine yote yamepungua. Neno zito hapo ni "lisilo na shaka", na wasomaji wengi hulipita haraka.

Punje hii ina shaka za aina nne.

Inaweza kuwa saratani iliyosambaa. Hilo ndilo la kwanza kufikiriwa, na ndilo linalotokea mara nyingi zaidi.

Inaweza kuwa maambukizi, na kwa mtu aliyeishi Afrika Mashariki kifua kikuu kinapanda juu ya orodha. Uhusiano wake na dawa hizi umejikita katika kazi ya PD-1 yenyewe. PD-1, ambayo pembrolizumab huizuia, ni breki ya seli T, askari wa kinga. Maabara ya Tasuku Honjo huko Kyoto iliieleza mwaka 1992, na mwaka 2018 yeye na James Allison walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi ya kufungua breki za kinga dhidi ya saratani. Mtu angedhani kwamba kinga isiyo na breki itaimaliza TB upesi. Panya walioondolewa jeni ya PD-1 wameonyesha kinyume chake: wakiambukizwa TB hufa haraka kuliko panya wa kawaida, mapafu yao yakiharibiwa na uvimbe mkali. Kwa binadamu pia, TB iliyolala imeripotiwa kuamka wakati wa tiba hii. Kwa hiyo makohozi yalipelekwa kwenye Xpert, kipimo cha haraka cha TB, na kwenye kuotesha vijidudu maabara, hata bila homa wala jasho la usiku. Xpert haikuona kitu, na majibu ya kuotesha yatachukua wiki kadhaa.

Inaweza kuwa mwanzo wa nimonitisi, yaani pafu kuvimba kwa sababu ya dawa yenyewe. Ukungu ule unaliruhusu wazo hilo. Lakini nimonitisi kwa kawaida hutapakaa, na punje moja ya duara ni sura yake adimu.

La nne ni ukuaji wa uongo: kijisaratani kilichokuwepo tangu mwanzo, kidogo kiasi cha kutoonekana, sasa kimevamiwa na seli za kinga na kuvimba. Katika hali hiyo kinachoonekana kwenye picha si seli za saratani zilizoongezeka. Ni askari waliofika, maji waliyoyaleta na tishu inayokufa. CT haina uwezo wa kutofautisha, kwa sababu seli T iliyobanana na seli ya saratani vina uzito uleule mbele ya eksirei.

Wengi wangekimbilia PET-CT hapa. Haisaidii sana. Sukari yenye mnururisho inayotumika huliwa na kila seli yenye njaa: saratani na limfosaiti, seli za kinga, zilizo vitani; vinundu vya TB pia huwaka. PET wakati huu ingetoa picha inayong'aa na isiyoamua chochote. Biopsi ya sindano nayo ilijadiliwa ikaachwa. Punje ni ndogo, iko karibu na kiwambo kinachopanda na kushuka kwa pumzi, na kutoboa pafu zuri la mtu ambaye pafu lake la pili limebeba uvimbe kunaweza kumwachia hewa kifuani. Zaidi ya hapo, jibu lisilo na saratani halingeifuta saratani. Sindano huenda imechukua upande wa limfosaiti.

Takwimu zinasema nini

Hapa inabidi kusema kwa uwazi, kwa sababu neno "ukuaji wa uongo" limeenea kwa wagonjwa na ndugu zao, na linabeba matumaini kuliko linavyoweza kuhimili. Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi wa wagonjwa 406 wa saratani ya pafu waliopewa dawa za kuzuia PD-1 au PD-L1. Ukuaji wa uongo ulionekana kwa wagonjwa 19, asilimia 4.7. Katika kundi hilohilo wagonjwa 56, asilimia 13.8, walipata kinyume chake: uvimbe ulianza kukua kwa kasi kubwa kuliko kabla ya dawa. Uvimbe uliokua kwenye picha ya kwanza, kwa wagonjwa wengi, umekua kweli.

Basi hatari ya kuongeza kasi ilipaswa kupimwa na si kukisiwa tu. Hesabu yake inadai picha ya tatu, iliyopigwa kabla ya ile ya mwanzo. Mgonjwa huyu alikuwa nayo: CT ya utambuzi, wiki 8 kabla ya picha ya mwanzo, yenye jumla ya milimita 104 kwa madonge yaleyale. Kabla ya dawa alikuwa akiongeza milimita 10 kwa wiki 8, sawa na 1.25 kwa wiki. Tangu picha ya mwanzo ameongeza 20 kwa wiki 10, sawa na 2 kwa wiki. Uwiano ni 1.6. Mpaka mmojawapo unaotumika ni mara 2. Hajaufikia, lakini hayuko mbali nao. Bila ile CT ya zamani hesabu hii isingewezekana, na mara nyingi haiwezekani kwa sababu mgonjwa alipewa karatasi ya ripoti tu. CD yenye picha zenyewe ndiyo ya kudai pale dirishani, na kuitunza kama hati ya kiwanja.

Uamuzi: kusubiri, kwa masharti

Mwaka 2017 kikundi cha wataalamu kilitoa iRECIST, kanuni za kusomea picha katika tafiti za tiba ya kinga. Ukuaji wa kwanza hauitwi tena hukumu. Unaandikwa iUPD, yaani kuendelea kwa ugonjwa ambako hakujathibitishwa, na picha ya kuthibitisha hupigwa kati ya wiki 4 na 8 baadaye. Ikiwa jumla imepanda tena kwa milimita 5 au zaidi, au punje mpya zimekua kwa kiasi hicho, au zimezuka nyingine, inakuwa iCPD: imethibitishwa. Ikiwa vimepungua, hesabu inarudishwa mwanzo na mgonjwa anasomwa upya. Donge jipya hupimwa pembeni. Halijumlishwi na yale ya awali.

Kanuni hizi zilitungwa kwa ajili ya tafiti, si kwa kila kitanda cha hospitali, na zina sharti ambalo wanaozinukuu hulisahau: mgonjwa asiwe amezorota. Kwa kisa hiki masharti yaliandikwa kwenye faili kabla ya dozi ya nne. Uwezo wa kujihudumia usishuke. Uzito usipungue. Maumivu yasidai dawa kali zaidi. Oksijeni, iliyokuwa asilimia 96, isishuke. Na uvimbe usiwe mahali ambapo kuvimba kwa milimita chache kunaua: kwenye ubongo, uti wa mgongo, au ukibana bomba kuu la hewa au mshipa mkuu wa damu wa juu. Tezi ya milimita 25 ilikuwa kando ya bomba la hewa bila kulibana, na upana wa bomba ulipimwa ukaandikwa. Lingevunjika sharti moja, kemotherapi ingeanza bila kusubiri picha.

Dozi ya nne ilitolewa wiki ya 9, ya tano wiki ya 12. Damu ilichukuliwa kila mara kwa ajili ya ini, figo na homoni ya tezi ya shingo. Picha ya kuthibitisha ilipangwa wiki ya 15.

Wiki ya 13 haikungoja

Siku sita baada ya dozi ya tano mgonjwa alirudi na kikohozi kikavu na pumzi fupi anapotembea. Joto 37.4. Oksijeni asilimia 91. Kwa mtazamo wa kwanza ni kana kwamba hofu ya wiki ya tisa imetimia.

CT iliombwa siku hiyohiyo, na namna ilivyoombwa ni somo. Mgonjwa wa saratani akikosa pumzi ghafla, bonge la damu kwenye mshipa wa pafu ni lazima litafutwe, na kontrasti yake hupigiwa picha mapema kuliko ya kupimia uvimbe. Vyote viwili vinaweza kufanywa kwa sindano moja: kifua kwanza kontrasti ikiwa kwenye mishipa ya mapafu, kisha tumbo sekunde ya 70. Anayeomba asiposema, atapata kimoja.

Bonge halikuwepo. Sehemu za chini za mapafu yote mawili zilikuwa na mabaka mazito ukingoni na kuzunguka njia za hewa, pamoja na ukungu katikati yake. Hii ndiyo sura inayofahamika zaidi ya nimonitisi ya dawa hizi, na muda wake unalingana: katika uchambuzi mmoja mkubwa wa wagonjwa waliotibiwa kwa dawa za aina hii, nusu ya walioipata iliwaanza kabla ya miezi 2.8.

Kisha madonge yakapimwa. Pafu 41, tezi 16, adrenali 19, ini 12. Jumla 88. Punje ya kushoto, ile iliyotisha, milimita 5.

Yaani saratani ilikuwa ikirudi nyuma wakati pumzi ikizidi kuwa fupi. Asiyepima, akitazama tu mapafu yaliyojaa weupe na mgonjwa anayehema, angeandika kwamba ugonjwa umesambaa. Angekosea pande zote mbili: angeacha kutibu nimonitisi, na angeitangaza dawa kuwa imeshindwa wakati jumla imeshuka kwa asilimia 22.8 chini ya mwanzo. Na kwa kuwa wiki 4 zilikuwa zimetimia, picha hii ya dharura ilitosha kuwa ya uthibitisho. iUPD haikuthibitika.

Nimonitisi yenyewe ilikuwa ya daraja la 2: ina dalili, inazuia kazi za kawaida, haijafika kudai oksijeni. Pembrolizumab ilisimamishwa. Prednisolone, steroidi ya kutuliza kinga, ilitakiwa kwa miligramu 1 kwa kila kilo, yaani 65 kwa siku, lakini kabla ya kidonge cha kwanza kulikuwa na kazi ya saa chache isiyoweza kufanywa baadaye. Makohozi yalirudi Xpert. Kipimo cha VVU kilirudiwa. Mrija uliingizwa kwenye mapafu, maji yakasafisha eneo lililoathirika na kupelekwa maabara kutafuta TB, bakteria na fangasi, pamoja na Pneumocystis, fangasi anayeshambulia mapafu ya wenye kinga dhaifu. Damu ilichukuliwa kupima kotisoli, homoni ya tezi za adrenali, kwa sababu dawa hizi hushambulia pia tezi za homoni, na ukishameza prednisolone kipimo hicho hakisomeki tena. Kumpa steroidi nyingi mtu mwenye TB isiyotambuliwa ni kumfungulia adui mlango, na katika ukanda wetu kosa hilo liko karibu kuliko vitabu vya Ulaya vinavyodhani.

Hakuna mdudu aliyepatikana, na ile sampuli ya wiki ya tisa iliyooteshwa nayo haikuota kitu. Steroidi zilianza jioni ile. Kipindi cha kutazama ni saa 48 hadi 72: asipopata nafuu, utambuzi unapaswa kutiliwa shaka upya na dawa nyingine za kutuliza kinga kufikiriwa. Siku ya tatu oksijeni ilikuwa 94. Dozi ilishushwa polepole kwa wiki 7. Ikishushwa haraka, nimonitisi hurudi, na mara nyingi hurudi kali zaidi. Kwa kuwa alikaa juu ya miligramu 20 kwa wiki kadhaa, alipewa kotrimoksazoli ya kukinga Pneumocystis, na sukari yake ilipimwa kila wiki.

Picha zinazotafutwa

Kisa hiki kinaonyesha mahali watafiti wanapofanyia kazi. Tatizo la wiki ya tisa lilikuwa kwamba CT inaona ukubwa tu. Dawa hizi ni kingamwili, na njia moja ni kuibebesha kingamwili yenyewe chembe inayotoa mnururisho, kisha kuifuata kwa PET. Mwaka 2018 watafiti wa Groningen, Uholanzi, waliwapa wagonjwa 22 atezolizumab, kingamwili inayozuia PD-L1, iliyobebeshwa zirkonia-89, kabla ya kuanza tiba. Kiasi kilichoonekana kwenye uvimbe kilitabiri mwitikio vizuri kuliko kipimo cha PD-L1 cha biopsi. Sababu inaeleweka: biopsi ni kipande cha mahali pamoja, na picha ilionyesha kwamba ndani ya mtu mmoja donge moja huwaka na jingine likabaki giza. Kingamwili ni kubwa na husafiri taratibu, ndiyo maana walitumia zirkonia, ambayo nusu ya nguvu yake huisha baada ya takriban siku 3.3, na kupiga picha siku kadhaa baada ya sindano.

Njia nyingine ni kuchota kutoka CT ya kawaida mamia ya namba za umbo, ukali wa ukingo na mchanganyiko wa kijivu, na kuifundisha kompyuta izihusishe na wingi wa seli za CD8, yaani seli T zinazoua, ndani ya uvimbe. Kikundi cha Ufaransa kilichapisha kazi ya namna hiyo mwaka 2018. Wazo linavutia, hasa kwetu, kwa sababu halidai mashine mpya. Lakini namba hizo hubadilika ukibadilisha unene wa mkato, muda wa kontrasti au kampuni ya mashine. Ile tofauti ya milimita 1.25 na 5 iliyokaribia kumpotosha msomaji mmoja ingeipotosha programu vilevile, na programu isingerudi kukagua. Hospitali inayoweka leo mikato myembamba ya kila mgonjwa, kwa utaratibu usiobadilika, inajenga hazina ya utafiti hata kabla haijapata mtafiti.

Wiki ya 22

Pafu 30, tezi 9, adrenali 14, ini 8. Jumla 61, asilimia 46.5 chini ya mwanzo: mwitikio wa sehemu. Tezi ya milimita 9 sasa ina ukubwa wa kawaida, lakini 9 inaendelea kuandikwa kwenye jumla. Punje haionekani. Mabaka ya nimonitisi yamebaki kama nyuzi nyembamba chini ya mapafu, na prednisolone imekwisha.

Miongozo inaruhusu kuirudia pembrolizumab baada ya nimonitisi ya daraja la 2 iliyopoa, steroidi zikiwa zimeshuka hadi miligramu 10 au chini. Hapa iliachwa kwanza. Uvimbe unaendelea kupungua wiki 10 baada ya dozi ya mwisho, na pafu lililopona juzi halina akiba ya kubahatisha nayo. Picha zitaendelea kila wiki 9, mashine ileile, mikato ya 1.25, dirisha la tishu laini. Kipimo cha kukua hakihesabiwi tena kutoka 114. Kinaanzia 61, na jumla ikifika milimita 74 itakuwa imevuka asilimia 20. Safari hiyo, dozi ya mwisho ikiwa imepita zamani, ukuaji utasomwa kuwa wa kweli mpaka ithibitike vinginevyo, na pembrolizumab itakuwa miongoni mwa dawa za kujadiliwa.